Umeitoa Wapi?

Ofisi yetu ya basi hapa Juba ni chumba kimoja cha mabati, na mimi ndiye ninayekata tiketi za Kampala. Ukikaa mlangoni hapa miaka kumi, unamjua abiria kabla hajasema neno. Mfanyabiashara huuliza bei ya mzigo kwanza, nauli baadaye. Mwanafunzi huja na mzazi anayehesabu noti mara mbili. Halafu kuna mama anayeletwa na mwanawe mkubwa au na dada yake, amejifunga kanga mbili na ya tatu ameikunja mkobani. Kwenye benchi hukalia upande mmoja. Anataka kiti cha karibu na mlango, na swali lake ni basi husimama mara ngapi njiani. Huyo simuulizi anakwenda wapi. Anakwenda Mulago.

Mwaka 2019 mmoja wa kina mama hao alikuwa dada yangu.

Kiswahili nilikipata Kitale, nilikosoma wakati wa vita, nami nakitumia leo kwa sababu jambo hili si la Juba peke yake. Ila nitalisema kutoka Juba, na nitalisema kama mwanamume, maana wanaume ndio ninaotaka wanisikilize.

Dada alianza kutoka damu mwaka 2017, wakati hedhi ilikwisha kukoma. Alidhani imerudi. Kisha yakaja majimaji yenye harufu, kisha maumivu ya kiuno yasiyompa usingizi. Alikwenda kliniki moja hapa mjini, akapewa antibiotiki. Akarudi, akapewa nyingine. Alirudi mara nne, na mara zote nne hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia. Dalili iliandikwa kwenye karatasi, dawa ikaandikwa chini yake, foleni ikasonga. Tulipompata daktari aliyemkagua, dakika tano zilitosha. Alitoka ameshika glovu mkononi, akaniambia nisipoteze wiki nyingine.

Jioni ile tulikaa uani kwa shemeji, kule Gudele: shemeji, wazee wawili wa upande wao, mjomba wetu, dada na mimi. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Ni saratani ya mlango wa kizazi, inaletwa na virusi, na virusi hivyo hupatikana kwa kujamiiana. Niliposema neno hilo la mwisho, shemeji aliinua kichwa. Akamgeukia dada mbele yetu sote, akamuuliza kwa Kiarabu chetu cha Juba: "Ita jibu min wen?" Umeitoa wapi?

Dada hakujibu. Aliolewa na mtu yule akiwa na miaka 17 na hakuwahi kumjua mwingine. Na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, sikumjibia, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilidhani lile ni swali la haki. Shemeji alikuwa na mke mwingine kabla ya dada, na jambo hilo kila mtu pale uani alilijua, lakini hakuna aliyefikiria kumgeuzia yeye swali lilelile. Zikapita wiki tatu kabla hajatoa hata pauni moja ya nauli. Wiki tatu, na damu inatoka.

Jibu nililipata Kampala. Nchi yetu wakati huo haikuwa na mashine hata moja ya mionzi ya kutibu saratani, kwa hiyo tulipanga chumba Kamwokya na kila asubuhi tulitembea polepole hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Mionzi ilikuwa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, na dawa ya kemo mara moja kila wiki. Baada ya hapo mionzi ya ndani. Mtu anayekaa kwenye korido wiki zote hizo husikia mengi. Kulikuwa na sista mmoja wa Arua aliyezungumza Kiswahili cha upande wa West Nile, na siku moja nilimwekea lile swali la shemeji kama lilivyo. Nilimwambia nyumbani tunataka kujua.

"Kaka," akasema, "hata mimi mwenyewe siwezi kujua. Keti nikueleze."

Virusi vyenyewe vinaitwa papiloma, kwa kifupi HPV. Si kirusi kimoja, ni ukoo wa aina zaidi ya 200. Baadhi ya aina hizo ndizo zinazoleta zile chunjua za mikononi ambazo watoto huchezea. Aina ya 6 na ya 11 huotesha chunjua sehemu za siri, na mara chache mtoto anayezaliwa na mama mwenye nazo huota vinyama kooni vikamziba sauti na pumzi. Aina ya 16 na ya 18 ndizo mbaya kuliko zote: mbili hizo peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Hupita kutoka ngozi hadi ngozi, kwenye michubuko midogo isiyoonekana, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa yote. Na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, mwanamume kwa mwanamke, hukutana navyo wakati fulani maishani mwake.

Hapo nilimkatiza. Karibu kila mtu?

Karibu kila mtu, alisema. Havileti homa wala upele wala maumivu. Mwili wenyewe huvifukuza, kwa watu tisa katika kumi, ndani ya miaka miwili hivi, na mtu asijue kwamba aliwahi kuwa navyo. Kwa wachache vinabaki. Vinaingia kwenye seli za mlango wa kizazi, vinawafunga mikono walinzi wa seli, wale wanaozuia seli iliyoharibika isizaane, na seli zinaanza kuzaana bila mlinzi. Kutoka hapo mpaka saratani ni miaka 15 hadi 20. Mwanamke mwenye VVU ambaye hajatibiwa, kinga yake ikiwa chini, safari hiyo inaweza kuwa ya miaka mitano hadi kumi, na hatari yake ya kuipata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Nilirudi kukaa nikapiga hesabu. Dada alikuwa na miaka 49. Virusi vile vingeweza kumwingia akiwa na 30, au akiwa na 17, usiku wa ndoa yake. Vingeweza kuwa vilikaa kimya mwilini mwa mume wake tangu kabla hajawahi kumwona dada yangu. Hakuna kipimo duniani kinachosoma tarehe wala jina la aliyevileta, na kwa mwanamume hakuna hata kipimo cha kawaida cha kumwambia kwamba anavyo. Mke anaweza kuwa mwaminifu maisha yake yote akavipata. Mume anaweza kuwa mwaminifu tangu siku ya ndoa na bado akawa amevileta yeye. Kwa hiyo lile swali la uani halikuwa na jibu lolote ambalo mtu yeyote angeweza kulitoa, na bado liligharimu wiki tatu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa wanaume wenzangu, na nalisema bila kuzungusha. Tuliache swali hilo. Kwa ugonjwa huu halitafuti ukweli, kwa sababu ukweli huo haupatikani. Kazi yake pekee ni kumnyamazisha mwanamke, na mwanamke aliyenyamazishwa hachunguzwi, na asiyechunguzwa ndiye ninayemkatia tiketi akiwa hawezi tena kukaa.

Hapa kwetu huitwa marad ta niswan, ugonjwa wa wanawake, na mwanamume akisikia hivyo huona amepewa ruhusa ya kuondoka kwenye mazungumzo. Lakini virusi hivi havijui ugonjwa wa wanawake. Kwa mwanamume vinaweza kuleta saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Mlango wa kizazi ndio unaoumia zaidi, hilo ni kweli: mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa na saratani hiyo na takriban 350,000 walikufa, na vifo zaidi ya tisa katika kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Tena katika nyumba zetu nyingi mwanamume ndiye mwenye nauli, ndiye mwenye ruhusa, ndiye mwenye sahihi. Mtu mwenye vyote hivyo hawezi kusema jambo halimhusu.

Kuna jambo jingine nililolijua kwenye korido zile, na lilinipa heshima kubwa kwa mahali pale. Mwaka 1958 daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona ndani yake virusi. Ilikuwa mara ya kwanza kirusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Miaka michache baadaye Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeanza kwa kuchunguza virusi hivyohivyo vya uvimbe wa Burkitt, aligeukia mlango wa kizazi. Wengi waliamini mkosaji ni virusi vya malengelenge. Yeye alishikilia ni papiloma. Mwaka 1983 akaipata aina ya 16, mwaka uliofuata aina ya 18, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia ya maarifa haya ilianzia kwa watoto wa Uganda, mwendo wa usiku mmoja wa basi kutoka hapa nilipo. Sioni sababu ya sisi kuwa watu wa mwisho kufaidika nayo.

Na mahali penyewe pana historia ya kutisha pia. Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika isitengenezeke. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa muda huo wa kati, mwenye uwezo alitafuta Nairobi, na asiye na uwezo alingoja. Dada yangu alikuta mashine mpya. Nashukuru kwa hilo. Lakini alifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu, na tulimzika Februari 2021.

Sasa nisemee mabinti. Chanjo ya HPV ipo tangu mwaka 2006. Haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Hufanya kazi kabla virusi havijaingia, ndiyo maana hupewa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2011, mwaka ambao sisi tulipandisha bendera yetu hapa Juba tarehe 9 Julai na kulia kwa furaha, Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima, ya kwanza kufanya hivyo Afrika. Nchi iliyotoka kwenye maangamizi makubwa iliamua hivyo na ikafikisha zaidi ya tisa katika kila wasichana kumi. Uganda ilianza kwa majaribio mwaka 2008 katika wilaya za Ibanda na Nakasongola, ikaeneza nchi nzima 2015. Tanzania 2018. Kenya 2019. Katika miaka yote hiyo binti wa Juba hakuwa na chanjo hii shuleni kwake. Aliyekuwa na miaka 12 bendera ilipopanda ni mama wa watoto sasa. Mwenzake wa Kigali alichanjwa. Wetu alikimbizwa na vita mara mbili, Desemba 2013 na Julai 2016, na hakuna aliyefika na sindano.

Najua sababu. Vita, barabara, fedha, friji za kutunzia chanjo. Lakini kuna kikwazo kimoja kimeondoka, na wazazi hawajui. Zamani zilihitajika dozi mbili au tatu, na binti wa kuhamahama ni nani atamfuata na dozi ya pili? Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yatosha kwa wasichana, na ushahidi mwingi ulitoka kwetu: wasichana waliofuatiliwa Mwanza, na wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 20 ambao dozi moja iliwakinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. Sindano moja. Hata familia inayolala leo Mangateen na kesho njiani kwenda Nimule inaweza kuipokea.

Na inafanya kazi. Mwaka 2024 watafiti wa Scotland walieleza kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hawakuona hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ndani ya nyama. Hata mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa ofisini, na niliweka simu chini, nikamfikiria dada.

Uvumi nao huja pamoja na chanjo. Kenya ilipoanza, hata baadhi ya madaktari walisimama hadharani kuipinga, na maneno kwamba inafunga kizazi yakasambaa. Katika jamii ambayo binti huolewa kwa ng'ombe au mbuzi, na asiyezaa hurudishwa kwao, uvumi huo hauna haja ya ushahidi ili uue. Jibu langu kwa baba mwenzangu ni hili. Chanjo hiyo haigusi kizazi. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, na mionzi inayoitibu. Nimeona kwa macho yangu msichana wa miaka 29 akiambiwa pale Mulago kwamba matibabu yatakayomwokoa yatamnyima mtoto. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja.

Wengine husema kumchanja mtoto wa miaka kumi ni kumwambia aanze mambo ya wakubwa. Tunawachanja dhidi ya pepopunda, na hakuna anayedhani tunawatuma wakakanyage misumari.

Kwa mama aliyekwisha kuolewa, chanjo imepita na kinachobaki ni uchunguzi. Lengo la dunia ni achunguzwe angalau akiwa na miaka 35 na tena akiwa na 45. Mwenye VVU mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Uchunguzi huo hauhitaji hospitali kubwa. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na mahali palipoanza kubadilika hugeuka peupe. Siki, ileile tunayoiweka kwenye kachumbari. Pakionekana peupe na pakifaa kutibiwa hapohapo, wanapachoma kwa kifaa kidogo cha joto, mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Ninajua haya kwa sababu ya mke wangu. Januari 2020 tulikwenda watatu Kampala, dada akiwa na miadi yake ya kuangaliwa, na dada ndiye aliyemshika wifi yake mkono akamwambia hatoki Kampala bila kuchunguzwa. Nilikaa kwenye benchi na kina mama, mwanamume peke yangu. Mke wangu alikuwa na miaka 38. Alitoka baada ya saa moja, amenyamaza. Palionekana peupe. Wamepachoma.

Muuguzi alikuwa amempa sharti: wiki nne bila kukutana na mume, ili kidonda kipone. Baadaye nilielewa kwamba hapo ndipo wanawake wengi hukwama. Mke hawezi kukaa wiki nne bila kumweleza mume sababu, na sababu yenyewe ina neno virusi ndani yake, na neno hilo lina swali nyuma yake. Wapo wanaokataa kutibiwa siku hiyohiyo, wanasema watarudi, hawarudi.

Tulipanda basi la jioni. Dada alikaa kiti cha mbele yetu, cha karibu na mlango. Tangu tunatoka kituoni mke wangu aliangalia dirishani, na mimi nilijua anangoja nini, na dada naye alijua, maana hakulala wala hakuegemeza kichwa. Alikuwa amekaa wima kama siku ile uani Gudele. Tukapita Luweero. Tukaingia Nakasongola, basi likasimama Migyera, wachuuzi wakaja mbio dirishani na nyama na ndizi za kuchoma.

Mke wangu akanigeukia. "Huniulizi?"

Nikamuuliza kama anataka ndizi moja au mbili.

Dada akapitisha mkono nyuma kati ya viti, bila kugeuka, akasema naye anataka mbili.